Msonobari wa Sindano Tano

Tokuji Nosaka alikula nusu ya wali, nusu ya samaki na nusu ya figili ya kuchemsha, kisha akaweka vijiti chini na kusema hospitali hii inawapa watu chakula cha paka. Mkewe, Mitsue, aliinuka, akaishika sinia na kuizungusha polepole, mpaka ile nusu iliyobaki ikaja mkono wa kulia.

"Kumbe bado kipo," Tokuji akasema, akaokota tena vijiti.

Kiharusi kilimpata mwezi wa nne, akiwa ameinama kwenye vitalu vya miche ya mpunga. Mdomo ulibaki mzima na kumbukumbu pia. Mkono na mguu wa kushoto vilikufa ganzi, lakini hilo halikuwa kubwa. Kubwa ni kwamba upande wote wa kushoto wa dunia ulikuwa umefutika. Daktari alieleza kwamba si upofu. Macho yanaona vizuri, kichwa ndicho kisichopokea. Ukisimama kushoto kwake ukamwita, atageuka kulia kukutafuta. Ananyoa shavu moja na kuridhika. Wala hajui kwamba kuna kitu amekosa, kwa sababu huwezi kukosa kitu ambacho kwako hakipo.

Kila mlo Mitsue alizungusha sinia, na kila mlo mumewe alisema maneno yale yale. Mwanzoni yalimchoma. Sasa alizungusha kama mtu anayefunga mlango.

"Msonobari?" Tokuji akauliza, mdomo ukiwa na samaki.

"Upo."

"Machipukizi?"

"Yameota."

"Nani ameyachuma?"

"Hakuna, Baba Yoshi. Nilikuwa huku kwako."

Tokuji alitafuna muda mrefu. "Basi utaota manyoya," akasema.

Mkewe hakuuliza zaidi. Katika nyumba ile habari za msonobari hazikuwahi kupitia mdomoni. Baba yake Tokuji alifanya kazi juu ya ngazi, Tokuji akasimama chini akitazama, mpaka siku mzee alipoteremka na kumkabidhi mkasi bila hotuba. Wanawake walifagia. Mitsue alipoletwa pale bibi harusi, mama mkwe alimzungusha nyumba nzima akimwonyesha kila kitu kinapokaa, na walipofika bustanini akamwambia, "Ufagio ni wako. Ngazi si yako." Mama mkwe alishazikwa zamani, ila neno lake lilibaki na nguvu zake zote.

Aliporudi nyumbani jioni ile, Mitsue alisimama langoni akautazama mti. Ulikuwa umepandwa na babu wa mumewe. Matawi yake yalilazwa ngazi kwa ngazi, kila moja limetanda kama wingu dogo, na tawi moja refu lilivutwa kwa miaka mingi hadi likapita juu ya lango, likaegemezwa nguzo. Mwenye kofia aliinama kidogo akiingia kwa kina Nosaka, hata mleta barua. Sasa mawingu yale yalikuwa yamechomoza vidole vya kijani kila upande, na mwanga haukupenya tena.

*

Kabla ya joto kukolea, kijiji kilisafisha mfereji wa maji ya mashamba. Kila nyumba hutoa mtu mmoja. Mitsue alivaa buti za mumewe akaenda, mwanamke peke yake katikati ya wazee waliokuwa wakivuta magugu na kutaniana.

"Mama Nosaka," mmoja akamwita toka ng'ambo, "huo msonobari wenu kinyozi amesafiri?"

"Mwenye kichwa yuko hospitalini, kinyozi atamnyoa nani?" mwingine akajibu.

"Mwacheni. Siku hizi vijana wote wanafuga nywele."

Wakacheka, na Mitsue akacheka nao, maana ndivyo inavyotakiwa. Hawakuwa na ubaya. Lakini mzee wa mwisho, aliyekuwa akisukuma tope kwa koleo, alisema bila kucheka, "Mwanenu Yoshinori naye anarudi lini? Kuna mtu anaulizia viwanja upande wa barabarani."

Hapo Mitsue akaelewa. Kule kwao, nyumba yenye msonobari ulioachwa kukua hovyo ni nyumba iliyokwisha watu. Wapita njia huutazama mti kwanza, halafu hutazama paa, halafu huanza kupima ardhi kwa macho.

Jirani yake, Kinuko Shimano, alimpitia jioni na biringanya. Nyumba za Shimano na Nosaka zilitenganishwa na mfereji tu, na kina Shimano nao walikuwa na msonobari mkubwa, mweusi wa gome.

"Dada Mitsue, mafundi wetu wa bustani wanakuja wiki ijayo. Niwaambie wavuke waguse na wa kwako? Sisi ndio tutakaowalipa, wala usijisumbue."

"Asante, dada. Tutaushughulikia wenyewe."

"Wenyewe nani?"

"Wenyewe," Mitsue akasema, akapokea biringanya kwa mikono miwili.

Angewezaje kukubali? Tangu Tokuji augue, watu walikuwa wamekuja na bahasha na matunda kumpa pole, na kila aliyeleta alistahili kurudishiwa kitu. Marejesho yale alikuwa hajayamaliza. Kuongeza juu yake msonobari mzima ulionyolewa bure, angeurudisha kwa nini? Isitoshe, mkasi wa mtu wa nje ulikuwa haujawahi kuingia mti ule.

*

Mafundi wa kina Shimano walikuja asubuhi ya jua kali. Mitsue alikuwa akiosha mchele jikoni, na dirisha la jikoni lilitazama ng'ambo ya mfereji moja kwa moja. Aliosha mchele mpaka maji yakawa meupe kama ya kunywa. Akatoka kuanua nguo zilizokauka, akazianika tena. Siku nzima alitafuta kazi ya upande ule.

Aliona wanavyofanya. Kila chipukizi jipya la mwaka ule lilikatwa pale linapoanzia, chwa, bila kubakiza kisiki. Kisha walivuta kwa vidole sindano za zamani, yale majani membamba ya msonobari, wakaacha kishungi kidogo nchani mwa kila kitawi. Walipomaliza, mti ulionekana kama mtu aliyetoka kuoga, na jua likapita hadi kwenye kuvumwani ya kijani iliyofunika ardhi chini.

Kesho yake Mitsue alivaa viatu vya mumewe vya kazi, vile vya kitambaa ambavyo kidole gumba hukaa peke yake, akajaza pamba mbele. Akatoa mkasi kwenye kitambaa chake cha mafuta. Akaiburuta ngazi ya miguu mitatu toka ghalani, akaisimamisha chini ya mti, akakaa kwanza kwenye jiwe. Alisubiri. Hakujua alikuwa akisubiri nini, labda mtu wa kumkataza. Hakuna aliyekuja, akapanda.

Alianza na tawi la langoni. Chipukizi lilikuwa laini, likakatika kama kitunguu kibichi. Akakata la pili. Baada ya muda mikono ilijua yenyewe, na akili yake ikanyamaza kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. Alikata, akavuta sindano, akateremka, akasogeza ngazi, akapanda. Utomvu ulimganda vidoleni ukawa mweusi. Siku ya kwanza alimaliza matawi ya chini, siku ya pili ya katikati, na siku ya tatu alipanda mpaka kileleni, ambako aliona mapaa ya kijiji na mashamba yote yenye maji, akashangaa kwamba mumewe alikuwa akiona haya kila mwaka na hakuwahi kuyataja.

Wazee waliopita barabarani walisimama.

"Kumbe kinyozi alikuwa ndani ya nyumba."

"Mama Nosaka, ukimaliza hapo nina ndevu zangu."

Kinuko naye alikuja. Alisimama langoni, akainua uso, akatazama tawi lililo juu yake, kisha lile la pili. Mdomo ukafunguka kidogo. Halafu akasema, "Jua hili litakuua. Kunywa maji," akaondoka.

Jioni Mitsue alifagia. Alifanya rundo, akalichoma moto kando ya shamba, akaoga. Vidole havikutakata. Siku iliyofuata alimwambia mumewe, "Msonobari wako umenyolewa," na Tokuji alifurahi, akala bila kuuliza ni nani. Alidhani ni kazi ya kuchuma kwa vidole, ile ndogo ya majira ya kuchipua, aliyoizoea yeye. Naye Mitsue hakujua kwamba kulikuwa na kazi mbili.

*

Mwezi wa tisa, msonobari wa kina Shimano ulichipua upya. Kila palipokatwa pakatoka machipukizi mengine mafupi, mawili mawili, ya kijani kibichi. Mitsue aliyaona toka dirishani, akatoka kwenda kuangalia ya kwake.

Hakukuwa na kitu. Ncha zilizokatwa zilikuwa kavu, na vile vishungi alivyoviacha vilianza kugeuka rangi ya chai. Akasema moyoni, wetu umechelewa. Akaumwagia maji. Mwezi wa kumi, upepo mmoja wa usiku uliangusha sindano nyingi, asubuhi akafagia. Na alipokuwa akifagia aliinama akaokota.

Sindano za mti wao hushikana tano tano. Akavuka kidaraja cha mfereji, akaokota zilizoanguka kwa kina Shimano. Mbili mbili. Hilo alilijua tangu alipoolewa. Miaka arobaini na zaidi alikuwa amezifagia za tano na kuona za mbili zikielea mferejini, na hakuwahi kujua kwamba ni jambo.

Kinuko alikuwa akianika kaki, yale matunda ya rangi ya machungwa, yaliyomenywa na kufungwa kamba, chini ya paa lake. Alipomwona jirani yake amesimama na sindano kila mkono, aliacha kamba ikaning'inia.

"Huu wenu ukikatwa hivi huchipua tena," Mitsue akasema.

"Ndiyo."

"Na wetu?"

Kinuko alipangusa mikono kwenye aproni, mara moja, kisha mara ya pili. "Wa sindano tano hauna nguvu hizo, dada. Huo hauguswi na mkasi wakati wa joto. Ni kupunguza vichipukizi kwa vidole tu, majira ya kuchipua, na kuacha nusu."

"Ulijua."

"Nilidhani Baba Yoshi amekuagiza. Nilijisemea, labda wana mtindo wao. Familia yenu inajua msonobari kuliko sisi."

"Ulisimama pale langoni ukaona."

"Ulikuwa umeshamaliza nusu, dada Mitsue. Na ulikuwa juu ya ngazi." Akaishika tena ile kamba. "Ulikuwa unaonekana una raha. Sikuwa nimekuona hivyo mwaka mzima."

Mitsue aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameambiwa bei ya kitu. Akashukuru. Alipofika kidarajani akaziachia sindano zote zianguke majini, na hakuzitazama zinaelekea wapi.

*

Kule hospitalini kulikuwa na msichana wa mazoezi ya viungo aitwaye Ogata, mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea. Alikuwa amempata Tokuji mgumu mwanzoni, mtu wa kulala na kugeukia ukuta wa kulia. Kisha akagundua mti.

"Haya, Baba Nosaka, leo tunang'oa sindano za zamani," alisema, akiweka ubao wenye vijiti vingi vilivyochomekwa. "Za kulia umemaliza. Za kushoto je?"

"Za kushoto hakuna."

"Tafuta. Msonobari una upande mmoja?"

Tokuji alicheka, akapeleka mkono kutoka kulia kwenda kushoto, akapapasa, akapata kijiti, akakichomoa kwa mshangao. Jasho lilimtoka.

Ogata alimfuata Mitsue ukumbini. "Anaendelea vizuri sana, mama. Kila siku anauliza kama mwezi wa kumi na moja umefika, anataka awe nyumbani wakati wa kung'oa sindano. Wengi wa aina yake hukata tamaa. Yeye ana ule mti. Msimwondolee."

"Sawa," Mitsue akasema.

"Na lile la sahani, mwacheni ajaribu kuizungusha mwenyewe. Bado hajaweza, lakini mwacheni."

"Sawa."

Kwenye basi la kurudi alikaa akiwa ameshika mkoba magotini. Alijaribu kulia, kwa sababu aliona ni mahali pake, lakini hakuna kilichokuja. Akahesabu vitu vya kununua kwa ajili ya supu.

*

Yoshinori, mtoto wao wa pekee, alikuja kutoka Nagoya mwisho wa wiki kuandaa nyumba. Alisimama langoni na mfuko wa safari begani, akatazama juu.

"Mama, nini hiki?"

"Niliukata."

"Umekufa?"

"Unakufa. Upande wa nyuma una kijani kidogo."

Yoshinori alizunguka mti mzima akiwa na viatu vyake vya mjini. Hakuwa mtu mbaya. Alirudi akiwa na hesabu kichwani. "Sikiliza. Gari la kumchukua baba kwenda kituo cha wazee lina paa refu, halipiti chini ya tawi hili. Wameshaniambia. Kwa hiyo lazima mti ungeguswa hata hivyo. Tuite watu waukate wote Jumatatu, kabla hajafika. Tutamwambia ni mdudu. Misonobari ya pwani yote imeliwa na mdudu, atakubali."

"Huyo mdudu huanza na tawi gani?"

"Mama, mimi nitajuaje?"

"Baba yako atauliza."

"Basi mwambie kimbunga."

"Kimbunga kilichopita kwetu tu, kikaacha kwa Shimano?"

Yoshinori alikaa kizingitini, akavua kiatu, akakishika mkononi. "Sasa unataka nini wewe?"

Mitsue akampita, akaingia ndani. "Njoo unisaidie kitanda," akasema.

Kitanda cha kukodi, kile cha kuinuka kwa umeme, kilikuwa kimewekwa kwenye chumba cha mikeka kinachofunguka bustanini. Wenye kitanda walikiweka vizuri, mgonjwa akilala aone nje upande wa kulia. Mitsue alishika upande wa miguu. "Kigeuze. Kichwa kiende kule."

"Lakini huko ataangalia kabati."

"Mwanga unamuumiza macho."

Waligeuza. Yoshinori aliposimama wima alitazama bustani, akatazama mto wa kulalia, akatazama tena bustani, ambayo sasa ilikuwa kushoto kwa mto. Uso wake ulibadilika taratibu. "Mama," akasema.

"Ukimaliza nenda ukaoge, maji ni ya moto."

*

Tokuji alirudi nyumbani siku ya mvua nyembamba. Gari lilisimama barabarani kwa sababu ya tawi, naye akashushwa na kiti chake cha magurudumu mbele ya majirani waliotoka kumpokea. Mvua ilimlowesha magoti. Mitsue alimfunika kichwa kwa taulo, kwa uangalifu mkubwa, taulo likashuka mpaka nyusi. Wakapita langoni. Wale wazee wa mfereji walikuwa pale, na Kinuko pia, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho juu, wala aliyetania.

"Karibu nyumbani, Tokuji."

"Umenenepa huko."

"Wananilisha kama paka," Tokuji akasema, na wote wakacheka kwa nguvu kuliko neno lenyewe.

Ndani, aliuliza kabla ya chai. "Msonobari uko wapi?"

"Nje, Baba Yoshi. Mahali pake."

Aligeuza kichwa kulia, akatafuta, akaona kabati na kalenda. "Siuoni."

"Utauona jua likitoka."

Jua lilitoka, likazama. Yoshinori alirudi Nagoya. Kila asubuhi Mitsue alimkalisha mumewe kwenye kiti, akakisogeza karibu na veranda, bustani ikiwa kushoto. Alimlisha, akazungusha sahani. Tokuji aliuliza habari za mti, naye akajibu kwamba upo. Hakuwa anadanganya, ulikuwepo. Baadaye Tokuji akapunguza kuuliza. Akaanza kulala mchana. Ile mipira na vijiti alivyopewa na Ogata vilikaa kwenye kikapu chao, na alipokumbushwa alisema, "Kesho."

Mitsue aliona mkono wake wa kulia ukilegea juu ya blanketi siku baada ya siku, akaendelea kufanya alivyofanya jana yake.

Kisha zikaja zile ngurumo za mwanzo wa baridi, ambazo kule kwao huja kutangaza theluji. Asubuhi moja upepo ulitoka baharini ukapiga nyumba kwa mkupuo mmoja mrefu. Milango ya karatasi ilitetemeka. Ng'ambo ya mfereji msonobari wa kina Shimano ulivuma, mvumo mzito kama wa maji ya mbali. Mitsue alikuwa ameleta chakula cha mchana, akakiweka mezani mbele ya mumewe. Tokuji hakushika vijiti. Alikuwa ameinua kidevu.

"Huo ni wa Shimano," akasema.

"Ndiyo."

"Wa kwetu haulii."

Mitsue alibaki amepiga magoti, mikono juu ya mapaja. Upepo ulipiga tena, na tena ng'ambo kukavuma, na tena hapa karibu pakawa kimya, kitu kikigongana tu, kijiti na kijiti.

"Mama Yoshi. Wa kwetu una sauti nyembamba, lakini unalia. Nimelala na sauti hiyo tangu nizaliwe."

Mitsue aliinuka. Akaondoa breki za kiti. Hakufikiri kwamba sasa ndio wakati. Mikono ilishika kama inavyoshika sinia, akakizungusha polepole mpaka bustani ikaja upande wa kulia.

Msonobari ulisimama pale, mifupa mitupu, matawi yote yamelazwa kwa ustadi wa watu watatu walioishi mmoja baada ya mwingine, na hayana kitu. Kwenye ncha zilibaki sindano chache za kahawia. Tawi la langoni lilikuwa limeegemea nguzo yake.

Tokuji alitazama. Alianza juu, akashuka tawi kwa tawi, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kuweka ngazi.

"Nani?"

"Mimi."

"Lini?"

"Walipomaliza wa kina Shimano. Kesho yake."

"Yote?"

"Yote. Na sindano pia."

"Mpaka kileleni?"

"Mpaka kileleni."

Sahani ilitoa mvuke nyuma yao. "Ule mguu wa nyuma wa ngazi umelegea," akasema mwishowe. "Nilitaka kuufunga waya tangu mwaka juzi. Ungeanguka."

"Sikuanguka."

"Naona." Alitazama tena. "Umekata vizuri. Hakuna kisiki. Ungekuwa mweusi kama wa Shimano, watu wangesimama barabarani kuutazama."

"Walisimama," Mitsue akasema.

Tokuji alipumua kwa pua. Upepo ulipita, vijiti vikagongana. Mitsue alingoja neno lingine. Alikuwa tayari kwa neno lolote, hata kofi, ingawa hakuwahi kupigwa katika nyumba ile. Alisimama nyuma ya kiti akiona utosi wa mumewe, nywele za upande mmoja zimechanwa na za upande mwingine zimesimama.

"Mwite Yoshinori alete watu waukate," Tokuji akasema. "Waumwagie pombe ya sake shinani kwanza. Wasiukate hivi hivi."

"Nitamwambia."

"Gari lipate kuingia."

"Ndiyo."

"Sasa nirudishe."

"Wapi?"

"Nilikokuwa. Nigeuze."

Akamgeuza. Bustani ikaenda kushoto, ikabaki kabati na kalenda, na meza yenye chakula. Mitsue alifunga breki, akapiga magoti mahali pake. Nje, matone ya kwanza ya barafu yaligonga paa.

Tokuji alikula wali, samaki na figili, polepole, mpaka upande wa kulia ukaisha. Mitsue akanyoosha mkono. Lakini mumewe alikuwa ameweka vijiti chini, akaishika sahani kwa ukingo wake kwa mkono wake mzima, akaizungusha mwenyewe. Ilikwama mara moja kwenye bakuli la supu, akaivuta. Akatazama kilichokuja. Hakusema kitu. Akaokota vijiti akaendelea kula.